Mhusika wangu ni dada wa kazi: nimfanyeje atambulike haraka bila kumkariri?

KalamuYaUsiku (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mnaofanya kazi za filamu, ila hata mtazamaji wa kawaida asikae kimya, maana hakimu wa mwisho ni yeye.

Nimeandika muswada wa filamu fupi, dakika 20 hivi. Ni familia yenye uwezo. Baba anaficha kwamba biashara imeanguka, mama anajua ila anajitia hajui, binti amerudi likizo na maswali mengi. Ndani ya nyumba hiyo yumo dada wa kazi. Anayasikia mambo akipita na sinia, anaelewa hali ilivyo kabla ya binti, na mwishoni anaondoka na pete ya mama. Pete ndiyo inayofumua kila kitu, kwa sababu wakiitafuta wanakutana na barua za benki.

Mtayarishaji ameusoma na ameupenda, lakini kwa huyo dada ana masharti. Anataka mtazamaji amtambue ndani ya sekunde tano: kitambaa kichwani, lafudhi nzito, maneno ya kuchapia, mdomo wazi mbele ya televisheni kubwa. Na siwezi kusema hana hoja. Kaniambia, "Una dakika 20. Ukitumia tatu kumtambulisha mfanyakazi, baba utamtambulisha lini?"

Kinachonikera zaidi ni kilichotokea tulipokaa na waigizaji kuusoma muswada kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeandika hivi tu: "Dada wa kazi anaingia na sinia." Basi. Mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo akanyanyuka, akapandisha mabega, akaburuta miguu, akaachia mdomo. Chumba kizima kikacheka. Hakuna mstari wa kuchekesha niliomwandikia hata mmoja. Na mwigizaji mwenyewe ni mzuri, namheshimu, hakuwa na nia mbaya yoyote. Mwili wake ulikuwa umeshajua dada wa kazi anatembeaje kwenye filamu.

Sasa naomba mnisaidie. Kila filamu ina askari, dereva, daktari wa kupita tu, ambao hata majina yao hatuyajui, na halalamiki mtu. Kwa nini huyu wangu awe tatizo? Mhusika anayetambulika upesi na mhusika aliyekaririwa, yule wa sura ileile ya kila filamu, wanatofautiana wapi, si kwa nadharia, kwa kazi? Na nikimgeuza awe mwema, mwaminifu, mvumilivu, mcha Mungu, nitakuwa nimetatua jambo au nimemkariri kwa upande wa pili? Ile pete je, aiache?

Nawasilisha.

---

MkasiMkononi

Mkuu, mimi ni mhariri wa picha, kwa hiyo nitakujibu nikiwa chumba cha uhariri. Huko ndiko ninakoona watu wakikaririwa bila mtu yeyote kukusudia.

Wengi wanadhani ubaya unakaa kwenye maneno ya muswada. Mara chache. Chukua tukio lako la sinia, tulipige kama linavyopigwa siku zote. Familia iko mezani. Baba ana picha yake ya karibu, mama ana yake, binti ana yake. Dada anaingia: kamera haifuati uso, inafuata sinia. Tunaona mikono, tunaona kiuno, tunaona mgongo ukitoka mlangoni. Anaposikia siri kuna picha moja ya uso wake, macho yamemtoka, na hapo mtu wa muziki anatia vile vinanda vya kudonoa-donoa vinavyomwambia mtazamaji acheke. Tukio likifika mezani kwangu hivyo, sina cha kuokoa. Hata nikitaka kumpa dada sekunde mbili za kufikiri, sizipati. Hakupigwa akifikiri, alipigwa akishtuka.

Mwongozaji atakuapia hana ubaguzi, na mimi nitamwamini. Alikuwa na saa moja kabla jua halijazama, watu wana njaa, akalazimika kuchagua nani apate picha ya karibu na nani asipate. Mkono ukaenda palipozoeleka. Kwa maoni yangu nusu ya wahusika waliokaririwa wanazaliwa saa hiyo, jua likiwa linakimbia.

Swali lako la daktari ni zuri, na jibu lake liko nje ya filamu yako. Daktari wako wa sekunde kumi ana wenzake mamia kwenye filamu nyingine: daktari shujaa, daktari mlevi, daktari mwenye mapenzi ya siri, daktari anayeuza figo za watu. Mtazamaji akimwona wa kwako, hawarundiki madaktari wote mgongoni mwake. Dada wa kazi hana hao mamia. Ana wawili au watatu, nao wanafanana: mshamba, mwizi, au anayemtaka baba mwenye nyumba. Kwa hiyo wako anaingia tayari amebeba wenzake. Si haki kwako wewe mwandishi, najua, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna kipimo ninachokitumia kimya kimya. Mwaka 1985 mchoraji katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alichora wanawake wawili wanaojadili kwenda sinema. Mmoja ana masharti yake: filamu iwe na wanawake angalau wawili, wazungumze wao kwa wao, na wazungumzie kitu kingine zaidi ya mwanamume. Ilikuwa nusu utani, lakini watu waliposhika kalamu kuhesabu, filamu nyingi kubwa zikaanguka. Mimi nimekihamishia kwa kila kundi. Je, dada wako anazungumza na mtu wa hali yake? Je, wanazungumzia kitu chochote zaidi ya mabosi? Angalia filamu ya Roma, ya mwongozaji wa Mexico Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018. Cleo ni mfanyakazi wa ndani, na kule chumbani kwao juu yeye na mwenzake Adela wanaongea Kimixteki, lugha ya wenyeji wa asili wa Mexico, wanataniana, wanafanya mazoezi ya viungo kwa mwanga wa mshumaa. Tukio hilo haliisogezi hadithi hata hatua moja. Lakini ukishaliona, Cleo akirudi jikoni si sehemu ya jiko tena.

Ukiniambia huna dakika za kumpa mtu wa kuongea naye, basi mtazame mwongozaji wa Senegal, Ousmane Sembène, kwenye La Noire de..., ya mwaka 1966. Filamu ya saa moja hivi. Diouana anachukuliwa kutoka Dakar akafanye kazi kwenye nyumba ya Wafaransa huko Antibes. Mbele ya mabosi ni "ndiyo bwana, ndiyo bibi", karibu hana neno jingine. Ila sisi tunasikia anachofikiri, sauti yake iko juu ya picha karibu filamu nzima. Mabosi wanaona kitu kinachopiga deki. Sisi tunamsikia mtu anayehesabu alichoahidiwa na alichopewa. Sembène hakuhitaji bajeti kwa hilo, alihitaji kuamua.

Kuhusu pete: aibe. Tafadhali usimgeuze malaika. Malaika wa nyumba ya watu hana shida zake, anaishi ili mabosi wajifunze utu. Spike Lee, mwongozaji mweusi wa Marekani, alikuwa akilikejeli jambo hilohilo mwaka 2001, alipozungumzia wahusika weusi wenye nguvu za ajabu ambao kazi yao yote ni kumponya shujaa mzungu. Mtu kujua kuponya wengine na yeye mwenyewe asitake kitu chochote, huko nako ni kukaririwa. Wewe jiulize pete anaitakia nini. Ukishalijua hilo, hata usipoliweka kwenye filamu, mwigizaji ataacha kuburuta miguu.

---

MzeeWaProjekta

Vijana, nimefurahi kuona mada kama hii. Mimi nimeendesha projekta miaka mingi kabla mambo hayajawa ya kidijitali, kwa hiyo nimetazama filamu nyingi kuliko nilivyopenda. Mhariri amesema vizuri. Naongeza kitu kimoja: msidhani mambo haya yanatoka moyoni tu. Mengi yalitoka kwenye karatasi na kwenye mashine.

Mwaka 1930 studio kubwa za Hollywood zilikubaliana juu ya kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali. Moja ya kanuni hizo ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mtu mweupe na mweusi. Fikirini maana yake kikazi. Shujaa ni mweupe, hilo halina mjadala kwa wakati ule. Filamu lazima iwe na mapenzi. Basi mwanamke mweusi hawezi kuwa mpenzi, hawezi kuwa mshindani wa mpenzi, hawezi hata kuwa majaribu njiani. Kilichobaki kwake ni jikoni. Mwandishi wa muswada hakuhitaji kumchukia mtu. Nafasi zilikuwa zimeshagawanywa kabla hajakaa kuandika.

Mwigizaji Hattie McDaniel alipokea Oscar Februari 1940, mtu mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza mtumishi. Usiku ule wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo, kwa sababu hoteli haikuwa ikiwapokea weusi. Kipaji kimeonekana na dunia nzima, na baada ya tuzo wakaendelea kumletea aproni.

Au Anna May Wong, mwigizaji wa asili ya Kichina, mzaliwa wa Los Angeles, nyota tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Studio ya MGM walipotengeneza The Good Earth, iliyotoka 1937, hadithi ya wakulima wa Kichina, alitaka nafasi ya mke. Mume alikuwa ameshapewa Paul Muni, mzungu aliyepakwa vipodozi. Nafasi ya mke akapewa Luise Rainer, mzungu mwingine aliyepakwa vipodozi, na akapata Oscar kwa nafasi hiyo. Kwa Wong walikuwa wamebakiza suria mbaya. Akakataa. Mchina mwema aigizwe na mzungu, Mchina mbaya aigizwe na Mchina. Hapo ndipo utaona kwamba sura ya kundi ni ugawaji wa kazi pia.

Na wakati mwingine walioonyeshwa walizuiwa kabisa kushika kamera. Wafaransa walikuwa na amri ya mwaka 1934, inayojulikana kwa jina la Pierre Laval, waziri wao wa makoloni, iliyotaka kila anayepiga filamu kwenye makoloni yao ya Afrika apate kibali na muswada wake ukaguliwe. Ndiyo maana mwongozaji Paulin Vieyra na wenzake, waliotaka kuonyesha maisha ya Waafrika, mwaka 1955 walipiga filamu yao fupi mjini Paris. Afrika ya kwenye kuta za sinema wakati huo ilikuwa inatengenezwa na wengine, nyingine ikipigwa California na simba wa kukodi.

Sasa mashine. Maabara za filamu za rangi zilikuwa na kadi ya kupimia, picha ya mwanamke mweupe, wenyewe wakiiita Shirley kwa jina la mmoja wa waliopigwa picha hizo. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi ya Shirley, kazi imekwisha. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu kwenye kitambaa cha sinema: watu wawili wamekaa meza moja, mweupe ana mashavu, ana kope, ana kivuli chini ya pua, mweusi ana macho na meno. Uso mzima umemezwa na giza. Halafu mtazamaji anatoka akisema yule mwigizaji hakuwa na hisia. Hisia angezionyeshea wapi?

Mambo ya namna hiyo hayajaisha, yamebadilisha nguo tu. Siku hizi ukiona picha imegeuzwa manjano, joto linatoka ardhini, unajua tumevuka mpaka tukaingia nchi ya matatizo. Kuna filamu ya mwaka 2000, Traffic, ambayo ilipaka Mexico rangi hiyo kwa makusudi ili mtazamaji asipotee kati ya hadithi tatu. Kwa filamu ile ilikuwa mbinu. Walioiga walichukua rangi wakaacha sababu.

---

BwanaKicheko

Mzee wangu, shikamoo. Historia nimeipokea kwa mikono miwili. Lakini ninyi watu mnataka kuua vichekesho, na mimi ndivyo vinavyonilisha.

Niwaambie siri ya jukwaani. Mtu hachekeshwi na asichokijua. Kichekesho kinahitaji kitu ambacho ukumbi mzima unacho tayari kichwani, wewe unakisukuma kidogo tu kinaanguka. Waitaliano tangu karne ya 16 walikuwa na commedia dell'arte, vichekesho vya jukwaani vya kuvaa barakoa, na mhusika wao hakutambulishwa hata kidogo. Barakoa ilitosha. Ukimwona Pantalone, pua imepinda na suruali nyekundu, umeshajua: mzee mfanyabiashara wa Venice, bahili, anapenda visichana. Dottore ni msomi wa Bologna anayebwabwaja bila kumaliza sentensi. Arlecchino ni mtumishi wa kutoka Bergamo, njaa tupu na ujanja mwingi. Kukariri watu mwanzo mwisho, tena kwa mji wanaotoka! Na mpaka leo vyuo vya uigizaji vinafundisha hayo. Molière, yule mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, alichota humohumo.

Leo kijana ameandika sinia, tunamletea sheria za mwaka 1934. Jamani.

---

MkasiMkononi

Kicheko, umeleta mfano mzuri mpaka nitakunyang'anya.

Kwenye commedia bosi naye kavaa barakoa. Pantalone anadhihakiwa kuliko mtumishi wake, na msomi anadhihakiwa kuliko wote wawili. Wapenzi vijana wao hawavai barakoa. Sasa angalia filamu ya mleta mada: baba ana siri na aibu, mama ana kimya chake, binti ana maswali yake. Hao ni nyuso tupu. Anaingia mmoja tu na barakoa, naye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Ukumbi ukicheka pale, haucheki mchezo, unamcheka yeye. Wavishe wote au wavue wote.

---

BwanaKicheko

Hapo umenikamata nusu. Nusu nyingine sikupi.

Kwa sababu kuna jambo hamlisemi: yule mtumishi wa vichekesho vya zamani alichekesha kwa kuwa mbele ya mabosi. Yeye anajua barua iko wapi, nani anampenda nani, nani hana hela. Mabosi ndio wanaojikwaa. Filamu za siku hizi zilimpokonya akili zikamwachia njaa. Kwa hiyo, mleta mada, usiogope kicheko. Kitoe tu kwenye miguu yake ukiweke kwenye ulimi wake. Aseme kitu kifupi, cha adabu kabisa, na bosi akose pa kujificha. Watu watacheka zaidi ya walivyocheka kwenye kile chumba chenu.

---

ShavuLaKushoto

Mimi si mtu wa filamu, ni mtazamaji. Nina kovu la moto upande mmoja wa uso, tangu nikiwa mdogo. Nimesoma mchango wa mzee kuhusu rangi, na mabishano yenu ya barakoa, nikaona niseme la kwangu.

Ukitaka kujua filamu zimetukariri vipi watu wa aina yangu, kaa nami ukumbini. Filamu inaendelea vizuri, rafiki yangu ananigeukia kila kichekesho, ananisogezea bisi. Halafu adui anatokea. Amekaa kwenye kiti, ametupa mgongo. Anageuka taratibu, mwanga unapita kwenye shavu, muziki unapanda, na hapo kovu linaonekana kabla hata hujaona macho. Rafiki yangu anafanya kitu kidogo sana ambacho nadhani hajui anakifanya: anakaza shingo. Hanigeukii tena. Anatazama mbele kama yuko kwenye gwaride. Anaona haya kwa niaba ya filamu, na mimi naanza kumwonea huruma yeye. Hiyo ndiyo sinema ninayoitazama mimi wakati wengine wanamtazama adui.

Mtengenezaji hakunifikiria, najua. Alitaka mtazamaji atambue ubaya ndani ya sekunde tano, kama mtayarishaji wako anavyotaka. Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ilitangaza mwaka 2018 kwamba haitatoa fedha kwa filamu ambazo mtu mbaya anatambulishwa kwa makovu usoni. Watu walibishana, wengine wakasema ni kuingilia sanaa. Mimi nilichojiuliza ni kwa nini msanii anyang'anywe kovu ndipo aone hana njia nyingine ya kuonyesha ubaya.

Upande wa pili wa shilingi kuna mwenye kovu wa kuhurumiwa. Analia kwenye kioo, anafanyiwa upasuaji, anapendwa. Huyo ananikera hata zaidi ya yule adui. Adui angalau ana mipango. Ninayemsubiri ni mwenye kovu ambaye ni mhasibu, amechelewa kazini, anagombana na jirani juu ya maegesho, na filamu inaisha hakuna aliyetaja kovu.

Kwa hiyo, kaka, ushauri wangu ni juu ya yule mwigizaji wako. Usimkemee. Mwulize kama amewahi kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa ndani au kumjua mmoja kwa karibu, halafu mwambie atembee kama huyo. Si kama yule wa kwenye filamu. Mtu anayebeba vyombo vya moto kutwa haburuti miguu, ataanguka.

---

KalamuYaUsiku (mleta mada)

Wakuu, nimewasoma wote, wengine mara mbili. Dada ShavuLaKushoto, hiyo sentensi ya mwisho nimeituma kwa mwigizaji kama ilivyo. Kajibu kwa simu, na tumezungumza muda mrefu. Kumbe nyumbani kwao alikuwepo mama mmoja aliyewalea, anayemkumbuka kwa jinsi alivyokuwa akifunga milango kwa kisigino bila kugeuka, mikono ikiwa imejaa. Kisigino hicho kinaingia kwenye filamu.

Swali la mhariri, pete anaitakia nini, lilinisumbua mpaka nikalipata kwa kuligeuza: katika nyumba inayofilisika, nani anakuwa wa kwanza kujua? Si mke, si binti. Ni yule ambaye mshahara wake umechelewa. Hahitaji kusikiliza mlangoni. Alijua mwezi wa kwanza alipoambiwa "subiri kidogo", na mwezi wa tatu alikuwa ameshajua zaidi ya benki. Kwa hiyo pete inabaki, na anaichukua mchana kweupe, akiwa na hesabu yake.

Tukio la sinia sasa liko hivi. Baba yuko mezani anamsimulia binti mkataba mkubwa atakaousaini karibuni, fedha nyingi, mambo yanakwenda. Mlango unafungwa kwa kisigino. Dada anaweka vikombe, kimoja kimoja. Anamimina. Baba anaendelea kujitapa. Akifika kwenye kikombe cha baba anasema kwa adabu zote, bila kuinua macho: "Hongera, baba. Basi ni mwezi huu?"

Kimya. Binti anamtazama baba. Mama anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

Nimempigia mtayarishaji nikamsomea. Kwanza alicheka, halafu akaniuliza kitambaa cha kichwani kimeenda wapi. Nikamwambia ahesabu sekunde: kutoka mlango kufungwa hadi mtazamaji kujua huyu ni nani na nyumba hii ina hali gani. Anahesabu bado, hajanipigia.

---

MkasiMkononi

Hilo tukio nitalikata bure kama huna mhariri.

Mambo mawili ya haraka. Kwenye muswada bado ameandikwa "DADA WA KAZI" huku wengine wote wana majina. Mpe jina, si kwa ajili ya mtazamaji, kwa ajili ya timu. Karatasi ya ratiba ikiandika "dada wa kazi", mtu wa mavazi ataleta kitambaa bila kukuuliza, na mtu wa taa atamwekea taa iliyobaki. La pili, pale anapouliza "basi ni mwezi huu", usikimbilie uso wa baba. Kila mwongozaji atakimbilia hapo. Kaa kwa dada nusu sekunde zaidi baada ya kusema, tumwone akisubiri jibu. Kama hakupigwa akisubiri, mimi sitakuwa na la kufanya.

---

KalamuYaUsiku (mleta mada)

Nimemwita Rehema.

---

BwanaKicheko

Rehema ni zuri. Sasa mwache mama amwite kwa jina la dada wa kazi aliyepita, na Rehema aitike bila kusita. Msiweke muziki wowote hapo.

---

MzeeWaProjekta

Mleta mada, kazi nzuri. Lakini nimerudi kusoma ulivyoanza, na kuna mtu mwingine mezani. Umeandika mama "anajua ila anajitia hajui", na zaidi ya hapo anakoroga chai. Mke huyo nimemwonyesha kwenye projekta yangu mara nyingi mno, kwa lugha nyingi, amevaa vizuri na amenyamaza. Wewe unajua pete Rehema anaitakia nini. Mama yeye anataka nini? Na zile barua za benki, kwenye bahasha limeandikwa jina la nani?